Nani Alileta Madarasa?

Nilirudia darasa la nne. Si jambo ninalopenda kulisema, ila ndilo lililonifanya ukubwani nianze kudadisi: hivi nani aliamua kwamba mtu asome kwa kupanda madarasa, na asiyeweza abaki chini? Jibu mojawapo nililikuta nisikotarajia, kwenye historia ya yeshiva, yaani vyuo vya Wayahudi vya kusomea Talmudi.

Katika Ulaya Mashariki ya karne ya 19, kijana aliyefika yeshiva hakupangiwa darasa. Chukua Volozhin, iliyoanzishwa 1803 mahali ambapo leo ni Belarus. Ukumbi mmoja, mamia ya vijana, makelele mtindo mmoja, maana kila mtu anasoma kwa sauti, peke yake au na mwenzake. Mkuu wa chuo akitoa somo, ni hilohilo kwa wote, aliyeelewa na aliyetoka kapa.

Kupanda kulikuwepo, lakini ngazi ilikuwa kwenye ukurasa wenyewe. Mimi Kiebrania na Kiaramu sivijui, ila picha za ukurasa wa Talmudi nimezikodolea macho sana. Katikati kuna matini ya zamani. Upande wa ndani yupo Rashi, mwalimu wa Troyes, Ufaransa, aliyefariki 1105. Huyu anamshika mkono msomaji, neno baada ya neno. Upande wa nje kuna Tosafot, maelezo ya waliomfuata, baadhi yao wajukuu zake wa damu, nao hawamwachii babu kitu: mbona hapa unasema hivi na kule imeandikwa vile? Mtoto huanza na katikati pamoja na Rashi. Siku akiweza kuingia Tosafot mwenyewe, haihitaji kutangazwa. Watamsikia anabishana.

Kisha ikaja Telz, mji wa Lithuania ambao wenyeji huuita Telšiai. Yeshiva yake ilianzishwa 1875, na katika miaka ya 1880 ikapata mkuu mpya, Eliezer Gordon. Huyu akawagawa wanafunzi katika madarasa kwa umri na uelewa, kila darasa na somo la kiwango chake. Leo utasema, sasa hapo kuna jipya gani? Kwa yeshiva za wakati ule lilikuwa jipya kabisa.

Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilimchukia mzee wa watu. Kijana wa Volozhin aliyekwama, alikwama kimyakimya katikati ya zile kelele. Wa Telz alikwama mbele za watu: wenzake wamehamia darasa la juu, yeye yupo palepale. Aibu ile naijua. Nilikaa dawati la mbele na watoto niliowazidi kimo, na mdogo wangu akiwa darasa moja nyuma yangu, ananifukuzia.

Lakini kuna upande nilioupuuza. Kwenye ukumbi usio na madarasa, anayefaidi somo la mkuu ni yule ambaye tayari anajua. Aliyechelewa hakuna anayemfundisha; anavumiliwa tu. Talmudi yenyewe ililiona tatizo hilo kwa watoto wadogo, ikaweka idadi: watoto 25 kwa mwalimu mmoja, wakifika 40 aongezewe msaidizi, wakifika 50 wawe walimu wawili. (Sisi tulikuwa zaidi ya 90, mwalimu mmoja, chaki moja.) Gordon aliwapa walio chini somo lao wenyewe. Alifariki 1910 London, alikokwenda kuitafutia yeshiva yake fedha. Mwaka 1941 Wayahudi wa Telz waliuawa, na walimu wawili waliokuwa wamevuka kwenda Marekani wakaifungua yeshiva upya huko Cleveland.

Kuhusu mimi: kugawanya kwa njia ndefu nilikuelewa mwaka ule wa kurudia, mwezi wa pili, kwenye lile dawati la mbele. Nilinyoosha kidole, na mwalimu akaniita ubaoni.