Machicha ya Busaa na Karo Zetu

Katika vijitabu vya miaka iliyopita tumeandika habari za barabara, zahanati na walimu wetu wa kwanza. Mwaka huu tunaandika juu ya machicha ya busaa, na tunajua baadhi yenu mtakunja uso.

Wamisionari wa Kanisa la Marafiki walifika Kaimosi kutoka Marekani mwaka wa 1902, na muumini wao hakuruhusiwa pombe. Busaa ikahamia nyuma ya nyumba, lakini haikukoma. Mjane asiye na ng'ombe wa maziwa alikuwa na nini kingine cha kulipia karo?

Kazi yenyewe wengi mnaikumbuka. Unga wa mahindi unakandwa kwa maji, unaachwa siku kadhaa uchachuke, kisha unakaangwa juu ya bati mpaka uwe chenga za kahawia. (Tuliziiba zikiwa bado moto.) Chenga zinatiwa maji pamoja na kimea, yaani wimbi lililooteshwa, likaanikwa na kusagwa. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, na hamira hula sukari hiyo. Baada ya siku chache busaa inachujwa. Mnywaji anapata yake, machicha yanabaki.

Kuku walipewa sehemu. Iliyobaki mama zetu waliikamua, wakaichanganya jioni na unga na chumvi kidogo, wakaiweka karibu na meko. Hamira ya dukani haikuhitajika, maana ndani ya machicha ilikuwa bado hai. Alfajiri donge lilikuwa limeumuka. Walilifunga vipande vipande kwa majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni ili yasipasuke, wakapanga magunzi chini ya sufuria mikate isiguse maji, wakafunika, mvuke ukafanya kazi. Mkate ulitoka mweusi, mzito, wenye uchachu kidogo, na ulikaa tumboni mpaka jioni. Mwalimu akiuliza harufu ile ni ya nini, tulisema ni wimbi. Haukuwa uongo.

Mwaka juzi akina mama waliomba chama kiwanunulie sufuria kubwa na kuwajengea jiko, wapike mikate hii na kuiuza sokoni. Busaa ya harusi na ya matanga bado inapikwa, na machicha yake siku hizi yanatupwa. Kamati ilikataa, ikisema tutakuwa tunachangia ulevi. Sisi tunaoandika haya tulikuwa kwenye kikao hicho tukanyamaza, ingawa karo zetu zilitoka kwenye mtungi huo huo. Mmoja wa mama waliosimama kuomba siku ile ndiye aliyekuwa akitufungia mkate wa shule. Tumemzika mwezi wa pili.

Wenzake wameleta ombi tena. Bajeti ya jiko iko ukurasa unaofuata, na safari hii tumeweka majina yetu kwanza kwenye orodha ya wachangaji.