Uanagenzi na mafunzo ya ufundi stadi nchini Tanzania

Uanagenzi ni utaratibu wa kujifunza ufundi kwa kufanya kazi chini ya fundi mwenye ujuzi, ama bila chuo kabisa, ama sambamba na masomo ya chuoni. Nchini Tanzania ufundi hujifunzwa kwa njia mbili, mtaani na chuoni. Kwa muda mrefu njia hizo zilikwenda kila moja kivyake: chuo kilitoa vyeti, mtaa ukatoa mafundi walio wengi.

Mtaani kijana huanza kwa kupelekwa kwa mjomba, jirani au rafiki wa baba. Mapatano huwa ya mdomo. Gereji atakuwa spana boi, kwenye ujenzi atakuwa saidia fundi, na malipo yake ya mwanzo huenda yasizidi hela ya kula. Ngazi za kupanda zipo, ingawa hazikuandikwa popote. Katika uashi, saidia fundi huanza kwa kuchekecha mchanga, kuchanganya udongo na kusogeza tofali. Siku akikabidhiwa mwiko hajengi kona. Kona hujengwa na fundi mwenyewe kwa timazi na pimamaji, kisha kamba huvutwa kutoka kona hadi kona, na kijana hujaza tofali za katikati kwa kufuata kamba. Akiachiwa kona, wenzake wanajua kwamba amekuwa fundi. Huchukua muda gani kufika hapo ni hiari ya fundi wake, na wapo mafundi wanaochelewesha makusudi, maana msaidizi aliyeiva ni mshindani wa kesho.

Mwanagenzi wa aina hii hujifunza mambo ambayo darasani ni vigumu kuyapata: kukadiria vifaa kwa macho, kupatana bei, kumtuliza mteja aliyecheleweshewa kazi. Kasoro yake ni kwamba hawezi kujua zaidi ya anachokijua fundi wake. Aliyefundishwa na fundi wa injini za kabureta hukwama gari linapohitaji kupimwa kwa kompyuta.

Kwa upande wa serikali, sheria ya kwanza ya uanagenzi ilitungwa mwaka 1940, wakati wa ukoloni wa Mwingereza, ili kusimamia mafunzo viwandani. Sheria ya mwaka 1974 iliunda idara ya taifa ya mafunzo ya ufundi chini ya wizara ya kazi, na ile ya mwaka 1994 ikaanzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA. Mafunzo hugharimiwa kwa sehemu na tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo mwajiri hulipa kwa kuzingatia jumla ya mishahara anayotoa. Kiwango chake kimeshushwa mara kadhaa, na mwaka 2023 kilifika asilimia 3.5. Waajiri wamelalamika kwa miaka mingi kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo haiendi kwenye ufundi, na malalamiko hayo yana msingi.

Majaribio ya zamani ya ufundi yalikuwa na madaraja matatu, yakianzia la tatu na kuishia la kwanza. Yalifuatwa na tuzo za taifa za ufundi stadi zenye ngazi tatu, zinazopima kile mwanafunzi anachoweza kukifanya kwa mikono yake.

Daraja muhimu kati ya mtaa na chuo ni urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, ambao VETA iliuanzisha kwa ushirikiano na Shirika la Kazi Duniani. Fundi wa mtaani, awe mwashi, seremala, fundi magari au mpishi, hupimwa akiwa kazini, hufundishwa pale alipopungukiwa, kisha hupewa cheti. Katika baadhi ya fani cheti ni sharti la kupata kazi yenyewe. Fundi umeme asiye na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, hawezi kuidhinisha mfumo wa nyaya za nyumba inayosubiri kuunganishwa na shirika la umeme, TANESCO, hata kama nyaya zote kazivuta yeye. Serikali nayo imekuwa ikigharimia wanagenzi wanaogawa muda wao kati ya chuo na mahali pa kazi.

Kuwavuta vijana ni kazi ngumu zaidi kuliko kuwafundisha. Kwa miongo mingi chuo cha ufundi kilikuwa kimbilio la waliokosa nafasi ya sekondari, na wazazi wakakichukulia hivyo. Michepuo ya ufundi, kilimo, biashara na sayansikimu iliyoingizwa sekondari katika miaka ya 1970 haikuufuta mtazamo huo. Sera ya elimu, toleo la mwaka 2023, imerudi kwenye wazo hilohilo kwa kuanzisha mkondo wa amali katika baadhi ya sekondari. Mafanikio yake yatategemea karakana na walimu kuliko mtaala. Wasichana bado wamejaa katika ushonaji, upishi na urembo. Wanaoingia uchomeleaji au ufundi bomba hukutana na karakana zisizo hata na mahali pa kubadilishia nguo.

Kinachomvuta kijana kwa hakika ni kumwona fundi wa mtaa wake amejenga nyumba. Hapo ndipo suala la vifaa linapojitokeza, kwa sababu mhitimu wa useremala asiye na msumeno, randa wala mahali pa kufanyia kazi anacho cheti tu. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana, lakini kijana huipata kupitia kikundi, hata kama fani yake ni ya kufanya peke yake. Ndiyo maana baadhi ya wahitimu huanza maisha ya kazi kama vibarua wa fundi wa mtaani ambaye hakuwahi kukanyaga chuo.