Tingatinga: Kutoka Mkonge hadi Baraza la Duka
Ukisimama Irente, Lushoto, ukachungulia bondeni, unayaona mashamba ya mkonge ya Mazinde. Ni kwenye mkonge wa mkoa huu huu wa Tanga ambako Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alifanya kibarua kabla hajaenda Dar es Salaam. Mwaka 1968 akaanza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi.

Aliuzia wapi? Nje ya Morogoro Stores, Oysterbay! Wazungu waliokaa mitaa ile walinunua, na picha zikasafiri kwenye masanduku yao. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi. Haiti wao walikuwa na Centre d'Art tangu 1944. Humo André Breton alizikuta kazi za Hector Hyppolite.

Mwaka 2018 jarida la Science lilitoa uchambuzi wa mitandao ya wasanii karibu nusu milioni: anayeonyesha mapema kwenye majumba makubwa hubaki juu, anayeanzia pembeni hupanda kwa tabu. Sawa, ila hesabu hiyo hufuata maonyesho. Baraza la duka halimo. George Lilanga, aliyeanza kama mlinzi pale Nyumba ya Sanaa, aliingia kwenye mkusanyo wa Jean Pigozzi. Wafuasi wa Tingatinga walibaki palepale Oysterbay, na mwaka 1990 wakaunda ushirika wao.