Ukamilifu wa Fuwele, Si Ubora

Katika maandishi ya nanoteknolojia kuna dhana inayoeleza jinsi atomi zilivyojipanga ndani ya chembe: je, mpangilio ni mmoja toka upande huu hadi ule, au umekatika njiani? Tafsiri inayokuja haraka ni "ubora wa fuwele", na inasomeka vizuri. Fuwele tunazijua tangu masomo ya kemia, za chumvi na za sukari. Tatizo liko kwenye ubora, kwa sababu neno hilo hutoa hukumu kabla ya kueleza chochote. Napendekeza "ukamilifu wa fuwele", na kinyume chake "kasoro za fuwele". Sababu zangu nazitoa kwenye chembe za sumaku, maana huko ndiko tofauti ya maneno haya mawili inapogusa vipimo.

Magnetiti ni oksidi nyeusi ya chuma, Fe₃O₄. Kipande chake kikubwa, katika halijoto ya kawaida ya chumba, hufikia usumaku wa takriban 92 Am² kwa kilo, lakini chembe zake za nanomita 10 hivi mara nyingi hazifiki hapo. Maelezo yaliyozoeleka ni udogo: atomi za usoni hukosa majirani wa upande mmoja, usumaku wake huelekea kombo, na kadiri chembe inavyopungua ndivyo uso unavyochukua sehemu kubwa zaidi. Ni kweli, ila hayatoshi, kwani chembe za ukubwa uleule zilizotengenezwa kwa njia mbili huweza kupishana sana kwa nguvu ya usumaku. Hapo lazima tuulize usanisi wake, yaani jinsi zilivyotengenezwa.

Mwaka 1981 Mfaransa René Massart alieleza njia ya majimaji ambayo bado inatumika sana: chumvi mbili za chuma, ya feri na ya fero, huchanganywa katika maji, kisha amonia huongezwa, na mashapo meusi hutokea papo hapo. Ni njia rahisi na ya gharama ndogo, lakini fuwele huzaliwa kwa haraka mno, kwa hiyo ukubwa wake hutofautiana na atomi nyingi hazipati muda wa kukaa mahali pake. Mwaka 2004 kundi la Taeghwan Hyeon, Korea Kusini, lilionyesha njia nyingine: oleati ya chuma huchemshwa katika kimiminika cha mafuta hadi nyuzi 320 hivi za Selsiasi. Chembe zinazopatikana hulingana mno. Chini ya hadubini ya elektroni hujipanga safu kwa safu, na mtu angeapa kwamba ni kamilifu.

Hapo ndipo jicho linapodanganywa. Ndani ya mafuta hayo ya moto oksijeni ni haba, hivyo chembe huweza kuanza kama FeO, oksidi yenye oksijeni pungufu, na kugeuka magnetiti baadaye inapokutana na hewa. Mageuzi huanzia sehemu kadhaa za chembe kwa wakati mmoja. Ni kama mafundi wawili wanaoanza ukuta mmoja kutoka ncha mbili: kila mmoja anapanga tofali sawasawa, lakini wanapokutana katikati mistari haikutani. Kwenye mpaka huo atomi za chuma za upande mmoja huvuta usumaku kinyume na za upande wa pili, na jumla hupungua. Umbo la nje halibadiliki hata kidogo. Kinachofichua siri ni eksirei: hadubini ikisema chembe ina nanomita 16, na upana wa mistari ya eksirei ukasema fuwele ina 8, basi ndani ya chembe hiyo mpangilio umekatika.

Mtetezi wa "ubora" atasema kwamba mpangilio usiokatika ndio bora, basi ubishi wa nini? Lakini bora kwa kazi gani? Katika tiba ya saratani kwa joto, chembe huwekwa ndani ya uvimbe, kisha uga wa sumaku unaogeuka-geuka huzifanya zitoe joto. Zimepatikana chembe zenye kasoro za ndani, pamoja na vishada vya fuwele ndogo zilizoshikamana, ambazo hutoa joto zaidi kuliko fuwele moja iliyotimia. Tukiandika "ubora", tutalazimika kusema kwamba fuwele yenye ubora hafifu imefanya kazi bora, na mwanafunzi atabaki ameduwaa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ukamilifu nao una harufu ya sifa. Sikatai. Ila ukamilifu hutokana na kukamilika, yaani kutopungukiwa, na mwenzake kasoro tunamtumia kila siku bila lawama: saa mbili kasoro robo haimlaumu mtu, inasema tu kiasi kilichopungua. Maana hiyo ya kupungua ndiyo mwanakemia anayoihitaji, kwa kuwa atomi iliyokosekana huhesabika na mpaka uliohama hupimwa. Nisingependa pia kukimbilia "ukristali": fuwele tayari limeota mizizi, na kasoro zake zinahitaji neno ambalo fundi wa maabara na mhariri wa kamusi watalielewa kwa namna moja.