Saga, M-Pesa na timu za mradi

Juzi nilisimama Awasi, nikanunua mahindi na kulipa kwa M-Pesa. Njiani nikawaza swali ninaloulizwa sana: timu ya kazi ipangwe kwa idara au kwa mradi?

Sisi Waluo tuna saga. Majirani hukusanyika kumlimia mmoja wao shamba, wakishakula, kila mtu hurudi kwake. Hiyo ni timu ya mradi.

M-Pesa nayo ilianza hivyo. Wazo lilikuwa la Nick Hughes wa Vodafone. Serikali ya Uingereza ikachangia fedha. Mwaka 2005 Susie Lonie alitumwa Kenya, akaketi na watu wa Safaricom, wakopeshaji wa Faulu na waandishi wa programu wa Sagentia. Majaribio ya Oktoba 2005, yenye wateja wasiofika 500, yalihusu kulipa mikopo. Wateja wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Timu ikaliona hilo, ikageuza mpango, na huduma ikazinduliwa Machi 2007.

Nadhani idara ingetetea mikopo, kwa sababu ndiyo kazi iliyopewa.

Lakini saga ikishalima hutawanyika, haibaki kupalilia. Niliwahi kuwa katika timu ya mradi iliyovunjwa siku ya uzinduzi. Hitilafu ya kwanza ilipotokea, programu haikuwa na mwenyewe. M-Pesa ilipata wapaliliaji: hata seva zake zilizokuwa Ujerumani zilihamishiwa Kenya mwaka 2015.

Basi kabla ya kuita saga, uliza: nani atapalilia?