Kabla ya Kupakia Begi la Thika, Uliza Nani Alibeba

Swali ninaloulizwa sana na watu wanaofuata posti zangu ni hili: "Nikija Thika wikendi, nibebe nini?" Wengine wanauliza kuhusu Ruiru, ingawa wa Ruiru wengi wanataka tu kujua kama kuna mahali pa kupiga picha bila kugongwa na boda. Nitajibu, orodha iko hapo chini. Lakini leo tuanze na swali ambalo sioni mtu akiuliza: watu waliopita njia hii kabla yetu walibeba nini, na nani alikuwa anabeba?

Nauliza kwa sababu sisi tunaotengeneza video za safari tumezoea kuuza Thika kwa hadithi moja. Unaijua: miti yenye maua mekundu, mzungu na gari lake la ng'ombe, chai kando ya maporomoko. Ni hadithi tamu, sikatai. Shida ni kwamba mwenyeji haonekani akisafiri ndani yake. Yuko pale kando, ameshika sanduku la mtu. Maoni yangu ni kwamba historia ya safari huku kwetu imeandikwa kwenye mzigo. Ukifuata mzigo, utaona ni nani alikuwa huru kwenda anakotaka na nani hakuwa.

Hebu tuanze kabla ya reli na kabla ya mashamba ya walowezi. Wanawake wa Kikuyu walikuwa wakifunga safari kwenda kubadilishana vyakula na Wamaasai na Wakamba. Mzigo ulikaa mgongoni, umeshikwa na mũkwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Vitu vidogo viliingia kwenye kiondo. Walijua njia, walijua msimu, walijua nani wa kumsalimia mpakani. Ukiniuliza wasafiri wa kwanza wa huku ni nani, nitakutajia hao. Walipakia wenyewe na kubeba wenyewe.

Sasa ruka hadi 1909. Theodore Roosevelt ametoka tu kuwa rais wa Marekani, anakuja Afrika Mashariki kuwinda. Alikaa Juja, kwenye shamba la Mmarekani mwenzake, William Northrup McMillan. Aliwinda nyati kando ya mto Kamiti, kwenye shamba la mlowezi aliyeitwa Heatley, upande huu wa Ruiru tunaopita kila siku tukilalamikia jam. Na mzigo wake? Tani nne za chumvi ya kuhifadhi ngozi za wanyama. Bendera kubwa ya Marekani ya kupeperusha juu ya hema. Na maktaba: vitabu kama 60 vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili jasho na damu visiviharibu.

Hiyo maktaba ndiyo inanikamata kila mara. Roosevelt mwenyewe ameandika kwamba sanduku la vitabu lilikuwa na uzito wa karibu ratili 60, yaani mzigo wa mpagazi mmoja. Ratili 60 ni kama kilo 27. Ukienda JKIA leo, mashirika mengi ya ndege yanakukubalia begi la kilo 23 tiketi ya kawaida, na hilo unalisukuma kwa magurudumu. Kwa hivyo kulikuwa na mtu, huenda akiwa peku, aliyebeba zaidi ya begi lako la ndege, siku baada ya siku, ndani yake vitabu ambavyo hakuna aliyemwomba avisome. Roosevelt aliwataja kwa majina wabeba bunduki wake na vijana wa hema. Wapagazi wengi, na msafara ulikuwa na kama 200, wamebaki kuwa umati tu.

Miaka michache baadaye anakuja Elspeth Huxley, mtoto mdogo, na wazazi wake waliotaka kulima kahawa Thika. Alikuja kuandika habari hizo kwenye The Flame Trees of Thika, kitabu cha 1959, na 1981 Waingereza wakakifanya mfululizo wa televisheni. Kisome, anaandika vizuri na macho yake ni makali. Lakini ukikisoma, mfuate Njombo. Mfuate Sammy, yule msimamizi, na Juma mpishi. Angalia ni nani anafungua masanduku, nani anavusha vitu mtoni, nani anaamka kwanza. Hapo utaona safari mbili ndani ya kitabu kimoja.

Reli ya Nairobi kwenda Thika, ikipitia Ruiru, ilifika 1913. Kwenye karatasi ilipitishwa kama "tramu" tu, ingawa ilikuwa treni kamili. Ilijengwa kwa ajili ya kahawa na katani ya walowezi, na baadaye ikasogezwa hadi Nanyuki. Watu wetu walipanda pia, daraja la tatu, na mizigo yao mapajani. Nayo Blue Posts, hoteli iliyokuwepo tangu 1908 kati ya maporomoko ya Chania na ya Thika, ilikuwa kituo cha mzungu kupumzika. Katika hoteli za walowezi wa enzi hizo, Mwafrika aliingia kama mfanyakazi.

Halafu ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914. Jeshi la Uingereza lilihitaji watu wa kubeba risasi na chakula hadi Tanganyika, na wanaume wa nchi hii wakachukuliwa, wengi kwa nguvu. Waliitwa Carrier Corps. Midomo ya watu ikalifanya jina hilo Kariokor kwa Nairobi na Kariakoo kwa Dar es Salaam. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa ugonjwa na njaa. Leo ukitafuta kiondo kizuri Nairobi unaambiwa nenda soko la Kariokor. Unanunua chombo cha msafiri aliyejibebea mwenyewe, mahali palipopewa jina la watu waliolazimishwa kubeba. Sijui kama wauzaji wanalifikiria hilo, lakini mimi siwezi kupita pale bila kulifikiria.

Vita vikaisha, na mzigo mwingine ukaongezwa, huu mwepesi kabisa. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alipaswa kubeba karatasi yenye jina, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake. Wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Ukikutwa bila, ni faini au jela. Ukimtoroka mwajiri shambani Ruiru, karatasi inakusemea. Harry Thuku, kijana wa Kiambu, alikuwa kati ya waliopinga mambo hayo. Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa mmoja wa waliouawa.

Kipande cha shingoni kiliondolewa na sheria ya 1947. Lakini Oktoba 1952 Hali ya Hatari ikatangazwa, na kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru kusafiri kukawa karibu kosa. Kulikuwa na pasi za kila namna. Watu wakahamishiwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro, na kutoka tu kwenda shambani kulihitaji ruhusa.

Shosho wangu alikuwa msichana wakati huo. Hadi leo hawezi kuvuka geti bila kitambulisho, hata akienda kununua maziwa. Siku moja nikamwambia, "Shosho, si duka ni hapo tu, unabeba ID ya nini?" Akaniangalia kama mtu anayeangalia mgeni. "Wewe," akasema, "hujawahi kuulizwa njiani wewe ni nani." Akaifunga kwenye leso, akaenda zake.

Ndiyo maana nasema orodha ya mzigo ni historia. Na ndiyo maana bado tunaita kitambulisho kipande.

Sasa weka makaburi mawili pamoja. McMillan alikufa 1925. Alitaka kuzikwa juu ya Ol Donyo Sabuk, ule mlima unaouona ukiwa Thika, ambao wengi tunauita Kilimambogo. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili. Inasimuliwa kwamba gari lililobeba jeneza lilishindwa na mwinuko, ndipo akazikwa njiani, chini ya kilele. Kaburi lipo, lina kibao, na watalii wanasimama kupiga picha. Kaburi la pili halionekani. Dedan Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, kule kule Kamiti ambako nyati waliwindwa 1909. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliomba mabaki ya mumewe hadi yeye mwenyewe alipofariki Mei 2023, bila kuonyeshwa kaburi. Mmoja tunampandia mlima. Mwingine hatujui tusimame wapi. Ukitengeneza video ya "sehemu 5 za kutembelea karibu na Thika" na huu upande wa pili haumo, umesimulia nusu.

Uhuru ulipokuja, safari ikawa yetu kwa njia ya matatu. Jina lenyewe linatokana na tatu, nauli ya senti 30 za zamani. Mwaka 1973 Rais Kenyatta akaziruhusu zibebe abiria bila ile leseni ya mabasi, na tangu hapo hatujapumzika kelele. Leo namba 237 inakuleta Thika na 145 Ruiru. Halafu Thika Superhighway: ujenzi ulianza 2009, Rais Kibaki akaifungua Novemba 2012, karibu kilomita 50. Imerahisisha maisha, nani atabisha? Lakini iliwafikiria kwanza wenye magari. Watu waligongwa wakivuka kwa miguu, na madaraja ya kuvukia yaliendelea kuongezwa hata baada ya ufunguzi. Anayetembea na mzigo wake bado ndiye anayekumbukwa mwisho.

Haya, begi sasa. Niliahidi.

Kitambulisho. Kibebe, maana KWS watakitaka ndipo ulipe bei ya mwananchi Ol Donyo Sabuk. Malipo yao ni ya kidijitali, usitegemee noti getini. Na ukikitoa, kumbuka unakitoa ili uingie mahali unapopenda. Kuna watu walikitoa ili wasipigwe.

Chupa ya maji ya kutumia tena. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, chupa za maji zikiwemo, haziruhusiwi kwenye mbuga. Usiseme hukuambiwa.

Kiondo, au mfuko wa kitambaa. Kinabeba matunda ya kando ya barabara vizuri kuliko begi lolote, na ukitaka zawadi, nunua kahawa. Utafiti wa kahawa unafanyika Ruiru, na aina ya Ruiru 11, iliyotolewa 1985, imebeba jina la mji wetu mbali kuliko wengi wetu tutakavyowahi kufika.

Sweta na viatu vinavyoshika. Kilele cha Ol Donyo Sabuk kiko mita 2,145, na asubuhi kuna ukungu. Nyati bado wapo, kwa hivyo ukitaka kupanda kwa miguu zungumza na askari wa mbuga kwanza. Ukienda Fourteen Falls, mawe yanateleza, na Mto Athi unakuja na uchafu wa Nairobi. Tazama, piga picha, lakini usinywe wala usiogelee. Kati ya Machi na Mei matope mekundu yatakula viatu vyeupe, usivilete.

Pesa ndogo ndogo, za mkononi na za M-Pesa. Hizi ni za vijana watakaokuongoza kwenye mawe, watakaokuvusha kwa mashua, watakaokushikia begi ukipanda. Kubaliana bei mapema na ulipe yote bila kuvutana.

Na jambo la mwisho halichukui nafasi kwenye begi. Muulize aliyekubebea jina lake, na akikubali, liandike chini ya picha yako. Ukimtaja, atakayesoma posti yako baadaye atajua nani alibeba.