Ibada ya Giza

Tukienda penye kilio, mara nyingi twafanya haraka kumwambia mfiwa anyamaze, kwa kuwa ufufuo upo. Neno hili ni kweli, lakini hapo kale Wakristo wa Ulaya hawakufanya haraka hivyo walipoyakumbuka mateso ya Bwana wetu. Walikuwa na ibada iitwayo kwa Kilatini Tenebrae, maana yake giza.

Asili yake ni sala za usiku na za alfajiri katika siku tatu za mwisho wa Juma Takatifu. Katika karne ya 9 mwalimu mmoja, Amalarius wa Metz, aliandika habari za taa 24 zilizozimwa wakati wa sala hizo. Baadaye, katika Kanisa la Rumi, desturi ikawa mishumaa 15 juu ya kinara cha pembe tatu. Yalisomwa Maombolezo ya Yeremia, zikaimbwa zaburi. Na kila zaburi ilipokwisha, mshumaa mmoja ulizimwa. Wengi waliona humo mfano wa wanafunzi waliomwacha Bwana wao.

Lakini mshumaa wa 15, ulio juu ya yote, haukuzimwa. Ulichukuliwa ukiwaka, ukafichwa nyuma ya altare. Watu wakasali gizani, kisha wakagonga vitabu na viti, kuwa mfano wa tetemeko la nchi. Ndipo mshumaa ule uliporudishwa, nao wakaenda zao kimya.

Kwa muda wa karne nyingi sala hizi zilisaliwa jioni ya siku iliyotangulia. Mwaka 1955 Papa Pius XII aliagiza zirudishwe asubuhi, na mahali pengi desturi ya mishumaa ikakoma. Hata hivyo haikupotea kabisa. Yako makanisa, hata ya Kiprotestanti, yanayoifanya hata leo.

Basi, sisi twajifunza nini? Wazee wale walijua tangu mwanzo ya kuwa mshumaa mmoja ungali unawaka, wala hawakuutoa kabla ya saa yake. Walingoja gizani pamoja. Nasi tukifika kwa mfiwa, tusiyakatize machozi yake kwa maneno mengi. Tuketi naye kwanza. Asiyeiona nuru leo hakupotewa nayo. Imefichwa tu, na saa yake yaja.